Mshipa wa mtoto unapojificha, mzazi afanye nini?

IKIWA umewahi kulala hospitalini na mtoto mgonjwa, bila shaka unakijua kilio ninachotaka kukizungumzia leo. Si kilio cha njaa wala cha usingizi. Ni kile cha mtoto aliyeshikwa na watu wawili huku wa tatu akitafuta mshipa wa kumwekea maji, akachoma asipate, akachoma tena asipate. Kilio hicho humkata mzazi maini. Wapo akina baba walio majasiri mno huko nje ambao wakikisikia hutoka katika wadi, wakasimama kwenye veranda na kujifanya wanapiga simu.

Hapo ndipo maneno huanza. "Huyu nesi ni mwanafunzi." "Wanamfanyia mtoto wetu majaribio." "Heri tumpeleke kwingine." Mara jamaa wamegawanyika pande mbili, muuguzi ametahayari, na mtoto bado hana maji. Maneno hayo nimeyasikia katika wadi za watoto zaidi ya mara moja, na nimeyasikia katika ukoo wangu mwenyewe. Ndiyo maana nataka tuyazungumze sasa tukiwa tumetulia, kwani saa ile yenyewe ikifika hakuna mzazi mwenye nafasi ya kujifunza.

Mwaka wa 2012, miaka miwili kabla ya Kenya kuanza kuwapa watoto chanjo ya virusi vya rota, binti yangu wa miezi tisa alishikwa na kuhara na kutapika. Kufikia siku ya pili macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alilia bila machozi. Ukimfinya ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama kidogo kabla ya kurudi mahali pake. Tulipomfikisha hospitalini alikuwa hawezi hata kumeza kijiko cha maji. Daktari alimtazama mara moja tu akasema lazima atundikiwe dripu, tena upesi.

Muuguzi kijana alianza na mkono wa kushoto, nyuma ya kiganja. Tone la damu lilionekana, kisha mshipa ukapasuka na pahali hapo pakavimba. Akajaribu mkono wa kulia. Wapi! Nyanya yake mtoto, mama mkwe wangu, alikuwa amesimama kando amejishika kiuno. Akaanza kukunjua leso. "Mama mtoto," akaniambia, "tumrudishe nyumbani. Kama ni kufa, afie mikononi mwetu, si kwa kudungwadungwa hivi."

Sikujua la kumjibu. Ni yule kijana aliyejibu, ingawa hakumjibu kwa hasira. Aliweka sindano chini, akasema, "Nyanya, nimejaribu mara mbili. Sitajaribu ya tatu. Ninakwenda kumwita Sista."

Sista alikuwa mama wa makamo. Hakuanza na sindano. Kwanza aliomba dirisha lifungwe. Akalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akakizungusha kwenye mguu wa mtoto na kukiacha hapo kwa dakika chache. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu. "Nyanya, wewe njoo umshike kichwa na umsemeze. Sauti yako anaijua, yangu haijui." Mama mkwe akaiweka leso begani, akasogea. Sista akapapasa mbele ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, huku macho yake yakitazama ukutani. Alikuwa akitafuta kwa vidole. Alichoma mara moja tu, na dripu ikaanza kudondoka. Jioni ile mtoto alikojoa, na sisi watu wazima watatu tukafurahia nepi iliyolowa kana kwamba tumeletewa zawadi.

Kwa nini mshipa hupotea

Tangu siku hiyo nimewauliza wauguzi na madaktari wengi: kwa nini mtu aliyesomea kazi yake ashindwe kuona mshipa? Majibu yao yanafanana, nami nataka kukupa wewe msomaji kama nilivyoyaelewa.

Kwanza, mshipa wenyewe ni mwembamba mno. Ile kanula yenye kishikio cha rangi ya manjano, ambayo hutumiwa sana kwa watoto wachanga, ni miongoni mwa zile ndogo kabisa, na hata hivyo mara nyingine mshipa huwa haina nafasi ya kutosha kuipokea. Pili, kuna mafuta. Yule mtoto mnene mwenye mikunjo mikononi, ambaye majirani humsifu kwa kunyonya vizuri, ndiye humtoa muuguzi jasho, maana mishipa yake imezama chini ya mafuta. Tena sisi watu weusi mshipa wetu mara nyingi hauonekani kwa macho. Muuguzi mzoefu hutegemea ncha za vidole vyake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni ugonjwa wenyewe. Mtoto akipungukiwa na maji, mwili hufanya kama mama mwenye unga kidogo: huwagawia kwanza wale wasioweza kungoja. Damu huvutwa kuelekea moyoni na kwenye ubongo, na mishipa ya mikono na miguu hujibana. Kwa hiyo mtoto anayehitaji maji kuliko wote ndiye ambaye mishipa yake imekimbia. Ongeza baridi ya mwezi wa Julai hapa Nairobi, ambayo nayo huibana mishipa. Ongeza kilio na kurusha miguu. Ongeza pia wale watoto ambao wamechomwa mara nyingi hapo awali, kama vile wenye ugonjwa wa selimundu, au wale waliozaliwa kabla ya wakati wakakaa hospitalini majuma mengi.

Mwaka wa 2008 madaktari wa watoto nchini Marekani walichapisha njia rahisi ya kubashiri ni mtoto gani atakayesumbua. Walitoa alama. Mshipa usipoonekana, alama 2. Usipoweza kuguswa kwa kidole, alama 2. Mtoto akiwa chini ya mwaka mmoja, alama 3. Akiwa wa mwaka mmoja au miwili, alama 1. Akiwa alizaliwa kabla ya wakati, alama 3. Waligundua kwamba mtoto mwenye jumla ya alama 4 au zaidi ana uwezekano wa zaidi ya nusu wa kukosa mshipa mara ya kwanza. Binti yangu, kwa hesabu hiyo, alikuwa na alama 7. Yule muuguzi kijana hakuwa mzembe. Alipewa kazi ngumu, naye akatambua mapema kwamba imemshinda. Kutambua hivyo ni sehemu ya ujuzi.

Mkono wa mzazi

Basi mzazi afanye nini? Jambo la kwanza, sema unachokijua. Kama mtoto alilazwa hapo awali, mwambie muuguzi: "Mara ya mwisho walipata mguu wa kulia," au "Huyu alizaliwa kabla ya miezi kutimia." Maneno mawili kama hayo yanaweza kumfanya amwite mwenzake mzoefu tangu mwanzo, badala ya kungoja mishipa mizuri iharibike.

La pili, mpashe mtoto joto. Mfunike, na uulize kama mkono au mguu unaweza kufungwa kitambaa cha uvuguvugu. Nimesema uvuguvugu, si moto. Ngozi ya mtoto huungua upesi.

La tatu, kaa naye. Mtoto mdogo akizungushiwa leso na kuachwa mkono mmoja tu nje, huwa hahitaji kukandamizwa na watu wanne. Mwenye kunyonya, muulize muuguzi kama unaweza kumnyonyesha wakati anapochomwa, iwapo daktari hajaagiza asile kitu. Imethibitishwa kwamba kunyonya humpunguzia mtoto mchanga maumivu ya sindano. Katika baadhi ya hospitali kuna pia krimu ya ganzi ya kupaka kwenye ngozi, lakini huchukua kama saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo haimfai mtoto aliye mahututi.

Kwa mtoto mkubwa, usimdanganye. Usimwambie haitauma. Mwambie itauma kidogo kama kuumwa na siafu, kisha itaisha, nawe hutaondoka. Na hapa niruhusu niseme jambo kuhusu nyumba zetu. Ni mara ngapi tunawatisha watoto kwa kusema, "Ukikataa kula nitamwita daktari akudunge sindano"? Siku anapougua kweli, mtoto huyo huingia hospitalini akiamini ameletwa kuadhibiwa. Tabia hiyo tuiache.

La nne, hesabu. Hospitali nyingi zina desturi kwamba mtu mmoja asijaribu zaidi ya mara mbili kabla ya kumpisha mwingine. Akipita hapo, una haki ya kuuliza, nawe uliza kwa adabu: "Sista, tafadhali, kuna mwingine hapa mwenye mkono mzuri wa watoto?" Swali hilo si matusi. Lakini usimfukuze muuguzi, wala usimnyakue mtoto na kutoka. Kumbuka saa inakwenda, na hospitali ya pili utakayofika itaukuta mshipa umejificha zaidi.

Kichwani na mfupani

Kuna mahali pawili ambapo wazazi hushtuka sana. Pa kwanza ni kichwani. Muuguzi akinyoa nywele kidogo juu ya sikio la mtoto mchanga, utasikia akina mama wakinong'ona kwamba sindano inaingia ubongoni. La hasha! Mshipa huo uko chini tu ya ngozi, nje ya fuvu kabisa. Huchaguliwa kwa sababu pale mafuta ni machache na mshipa huonekana vizuri. Nywele zitaota tena.

Tena jua kwamba sindano ya chuma haibaki mwilini. Kazi yake ni kufungua njia. Baadaye huvutwa nje, na kinachobaki ndani ni kijipaipu laini cha plastiki.

Pa pili ni mfupani. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa kwa sababu damu haizunguki, na mshipa haupatikani upesi, daktari anaweza kupitisha sindano ngumu katika mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Ndani ya mfupa mna uboho, na uboho una vijishipa tele ambavyo haviwezi kujibana, kwa kuwa vimezungukwa na mfupa. Maji na dawa zikiingizwa hapo hufika moyoni upesi.

Jambo hilo si geni. Mtafiti Mmarekani Cecil Drinker alichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa mnamo 1922, na njia hiyo ikatumiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye ilisahauliwa. Mwaka wa 1984 daktari mwingine Mmarekani, James Orlowski, aliwahimiza wenzake wairudie, baada ya kuona ikiokoa maisha huko India wakati wa kipindupindu. Leo imo katika mwongozo wa Wizara ya Afya ya Kenya wa kuwatibu watoto mahututi. Sindano hiyo haikai siku nyingi. Huondolewa mara mshipa wa kawaida unapopatikana, na kwa kawaida kabla ya saa 24 kutimia. Kwa hivyo siku ukiambiwa, "Mama, tunapitia mfupani," usidhani wamekata tamaa. Ni kwamba hawataki kupoteza wakati.

Je, dripu ni lazima?

Sasa nigeukie upande wa pili, maana na sisi wazazi tuna ugonjwa wetu. Kuna wanaoamini kwamba mtoto asipotundikiwa dripu hajatibiwa. Humshurutisha daktari, na mtoto huchomwa kwa jambo ambalo kijiko kingalitosha.

Mtoto anayehara ambaye bado ana nguvu za kumeza, hata akiwa amepungukiwa na maji kiasi, huweza kutibiwa kwa maji ya ORS kwa mdomo. Kipimo kinachotumiwa kliniki ni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, kwa muda wa saa nne. Mtoto wa kilo 10 basi atapata mililita 750. Anapewa kidogo kidogo, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, unangoja dakika 10, kisha unaendelea polepole. Pakiti yenyewe huchanganywa na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, si kwa kukadiria.

Nguvu ya maji hayo ilionekana wazi mwaka wa 1971. Wakimbizi kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh walikuwa wamefurika India, na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zilipopungua, Dkt Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wanywe, na jamaa zao ndio walioshika vikombe. Vifo, vilivyokuwa vimefikia karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya vinne.

Na mtoto akishindwa kunywa ilhali mshipa haujapatikana, iko paipu nyembamba ya kupitisha puani hadi tumboni ili maji yaanze kuingia. Wazazi wengi huiogopa zaidi kuliko sindano, nami sioni sababu.

Isitoshe, maji ya mshipani si kitu cha mchezo. Mwaka wa 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowahusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Walikuwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vyema, ila wale waliokuwa na ugonjwa wa kuhara hawakuhusishwa. Miongoni mwa waliomiminiwa maji mengi kwa haraka mshipani, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki katika muda wa saa 48. Miongoni mwa wale ambao hawakumiminiwa hivyo, walikuwa takriban saba. Hata mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo anaweza kudhurika kwa maji mengi, kwani moyo wake huwa hauwezi kuyabeba. Kwa hiyo daktari akisema, "Huyu hahitaji dripu," usidhani anakunyima kitu.

Kwa upande mwingine, mtoto ambaye hawezi kunywa, amelegea, hajibu ukimwita, au mikono na miguu yake imekuwa baridi, huyo si wa kubishaniwa. Lazima njia ipatikane, iwe ni mshipani au mfupani.

Dripu ikiisha kuwekwa

Kazi ya mzazi haiishii pale plasta inapobandikwa. Muuguzi mmoja huenda anatazama vitanda vingi, wewe unatazama kimoja. Kila mara chungulia pale kanula ilipoingia. Pakivimba, pakiwa pekundu, pakiwa pagumu au baridi, au mtoto akilia kila dawa inapoingizwa, mwite muuguzi mara moja. Huenda maji yanamwagika nje ya mshipa. Na tafadhali, usiguse kile kigurudumu cha kupunguza au kuongeza kasi ya dripu. Nimemwona mzazi akikifungua ili "chupa iishe haraka twende nyumbani". Bahati nzuri muuguzi aliwahi.

Ukimbeba mtoto, beba pamoja na paipu yake. Kanula nyingi hung'oka si kwa ukorofi wa mtoto bali kwa sisi wakubwa kusahau, na ikishang'oka, ule msako wa mshipa huanza upya.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, ambao kesho mtakuwa wauguzi na madaktari wetu, sina la kuwafundisha kuhusu sindano. Ninawaomba tu mtueleze mnachokifanya. Mzazi aliyeambiwa kwamba mishipa imejibana kwa sababu ya ugonjwa ataweza kuvumilia mchomo wa pili. Yule asiyeambiwa neno ataamini lolote analonong'onezwa kando ya kitanda.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Walisema kweli, lakini hawakusema tuzibe masikio. Mzazi mwema humwacha mtoto alie kwa sababu ya jambo la lazima tu, naye huuliza maswali matatu: Je, dripu hii inahitajika kweli? Mshipa ukikosekana, nani atajaribu baada yako? Na huyo naye akishindwa, tutatumia njia gani? Yaandike mahali, ewe msomaji, uyaweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.